Somo la Biashara ya Watumwa

Leo nimepita duka la udi Makadara, nikamkumbuka msichana niliyekaa naye dawati moja katika shule ya misheni. Mtandio wake ulinukia vile vile.

Mwalimu wetu wa historia alianza kila somo kwa sala. Siku moja alifundisha, "Waarabu waliuza watu, Wakristo wakawakomboa." Darasa zima tulimgeukia yule msichana, hata mimi niliyekuwa ubavuni pake. Aliinamisha kichwa.

Kesho yake mwalimu aliingia, akasimama mbele yetu. "Jana sikuwaambia kwamba Wakristo pia walinunua watu. Nimemkosea Mungu na mwenzenu. Nataka kumwomba radhi mbele yenu."

"Mwalimu," nikasema, "babake amekuja asubuhi kumhamisha."

Aliketi, na hakufundisha mpaka kengele ikalia.