Nyumba Inayopokea Mgonjwa

Wenye nyumba wote waliotukataa mjini Musoma nawakumbuka kwa majina, na majina ya baba zao. Siyaandiki. Wana watoto, na watoto hawakumkataa mtu.

Mzee wangu alipata kidonda cha sukari mguuni. Tulikuwa kwetu Butiama na muhogo wetu na ng'ombe wachache. Daktari akasema kidonda kisafishwe kila siku hospitalini pale mjini, la sivyo mguu utakatwa, na hata ukikatwa hajui kama mzee atapona. Kutoka Butiama kila asubuhi na mguu ule haikuwezekana. Binti yetu yupo Bunda, chumba kimoja na watoto wake wote, na Bunda yenyewe ni mbali na hospitali ile. Ikabidi tupange chumba.

Mimi sikuwahi kupanga. Kwetu nyumba unajenga, na mgeni akibisha unamsogezea kigoda. Sikujua kumbe mtu anaweza kuwa na vyumba vitupu halafu akachagua nani alale.

Tukapata dalali, mtu mzima mwenye kitambi na simu mbili. Tuko kwenye bajaji, akanigeukia.

"Mama, tukifika usiseme mgonjwa. Sema mzee amejikwaa."

"Nimejikwaa tangu wakati wa kupalilia?" mzee wangu akauliza.

"Basi mzee, wewe nyamaza tu."

"Mimi nitanyamaza. Mguu ndio utaongea."

Na kweli uliongea. Pale mtaa wa Nyasho baba mwenye nyumba alitupokea kwa kicheko, akanionyesha dirisha, akanionyesha bomba. Mzee alipoteremka na mguu wake umefungwa bendeji, yule baba akageuza uso, akasema chumba kimepata mtu asubuhi. Ufunguo alikuwa bado ameushika.

Mtaa wa Mwisenge, mama mmoja mwenye nyumba alinishika mkono. "Mama yangu, nitamwombea kanisani. Lakini akifia humu wapangaji watanihama, na chumba hakuna atakayekitaka. Watu wetu si unawajua."

Ninawajua. Mimi mwenyewe ukiniambia kitanda hiki alifia mtu nisiyemjua, silali. Ndiyo maana yule mama aliniuma kuliko yule baba.

Dalali akachoka na sisi. Alitushusha Bweri mbele ya duka, akasema anakuja, hakuja. Mwenye duka alituona tumekaa kwenye kreti za soda, akatuonyesha nyumba ya matofali isiyopigwa lipu. "Jaribuni kwa yule mjane. Ana mdomo, lakini ana vyumba."

Tulimkuta uani anapara samaki wa sato. Hakuinuka.

"Anaumwa nini?"

"Kidonda cha sukari."

"Kinanuka?"

"Kinanuka," nikasema. Nilikuwa nimechoka kuficha.

"Akifa mtampeleka wapi?"

Mtu hawezi kuuliza hivyo mbele ya mgonjwa. Nikatafuta maneno, mzee akanitangulia. "Niulize mimi, ndiye nitakayesafirishwa. Butiama, kwenye mji wangu, karibu na kaburi la mama yangu."

"Na gari likichelewa?"

Mzee akanigeukia mimi.

Yule mama akaweka kisu chini. "Mume wangu alifia nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akatuambia tumpitishe nyuma, jikoni, wapangaji wasione. Tukampitisha juu ya masufuria. Nikasema nikijenga yangu, aliyeingia mlango wa mbele atatoka mlango wa mbele, mzima au maiti. Gari likichelewa, watu watakaa hapa uani. Mnakitaka chumba au hamkitaki?"

Nikauliza kama kodi inalipwa miezi sita, kama wengine wanavyodai.

"Miezi sita nani anaijua? Lipa mwezi."

Nilikagua kitasa na choo kwa desturi tu. Roho yangu ilishatua mizigo. Yule mama alikuwa amelitaja lile ambalo wengine wote walilizunguka, na mtu aliyelitaja mchana hawezi kukugeuka siku likifika.

Tulikaa kwake hadi mvua za masika zikaisha. Kidonda kilianza kufunga, daktari akafurahi. Moyo ndio ulichoka. Mzee wangu alikata roho asubuhi moja, nikiwa nakoroga uji. Mama yule alikuja kabla sijaita. Akawaambia wapangaji, "Anueni nguo, leo hakuna kufua," akatandika mikeka. Gari lilichelewa kweli. Ndugu zetu walikaa pale, wakaimba, na hakuna aliyewaambia wapunguze sauti.

Baada ya maziko nilirudi kuchukua godoro na ndoo. Chumba chetu kilikuwa kitupu, ukuta umepakwa chokaa mpya. Cha jirani nacho kilikuwa kitupu. Kile cha kona pia, cha fundi cherehani aliyekuwa akimtania mzee wangu kila jioni.

"Wamehama?" nikamuuliza yule mjane.

"Wamehama."

"Kwa ajili yetu."

"Chukua ndoo yako, dada, usinililie hapa." Akanishikia upande mmoja wa godoro. "Watakuja wengine. Hospitali ile kila siku inaletewa watu, na hao nao lazima walale mahali."

Tukalitoa kwa mlango wa mbele, yeye mbele, mimi nyuma.