Fulana Yenye Mpira Mgongoni

Kosa ni langu, na sitamsingizia shetani. Nilimcheka mgonjwa mpaka akaacha tiba. Nayaandika haya gazetini kwa sababu kila niliyemweleza ana kwa ana ameangua kicheko.

Mimi ni Mgogo. Yeye alikuwa Mhehe, mtani wangu, na tulikaa meza moja masijala, katika ofisi ya serikali hapa Dodoma. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni na wafanyakazi wa serikali wanapunguzwa. Mtani alikuwa akisinzia juu ya mafaili saa tatu asubuhi, nami namkanyaga mguu kila bosi akikaribia.

Kisha tukatumwa Kondoa kikazi, tukapewa chumba kimoja nyumba ya wageni. Jioni ya kwanza akatoa begini fulana iliyoshonewa mfuko mgongoni, na ndani ya mfuko mpira wa tenisi.

"Usicheke, mtani," akaniambia. "Daktari anasema nikilala chali koo linajiziba, pumzi inakatika, moyo unahangaika. Ugonjwa wenyewe bado mdogo, ila presha yangu iko juu. Huu mpira unanizuia kulala chali. Mwezi wa pili sasa, na presha imeshuka kidogo. Umeona mwenyewe siku hizi sisinzii."

Nikamwapia kwamba sitasema. Jumatatu, tumesharudi Dodoma, kwenye chai ya saa nne, nikasema.

Sikumtakia mabaya, nilitaka kicheko tu. Nikatia chungwa mgongoni ndani ya shati, nikatembea mle ofisini kama fahali wa kwetu. "Jamani, Wahehe wameota nundu!" Tangu siku hiyo akaitwa Nundu, hadi na mama muuza chai. Mwenyewe alicheka pia. Angefanya nini? Mtani hanuniwi. Ukinuna, umeshindwa.

Wiki hazikupita nyingi nikamwona anasinzia tena. Nikamuuliza fulana iko wapi.

"Nimeivua, mtani. Hata watoto wa mtaani wananiita Nundu." Alisema huku anatabasamu.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwomba radhi. Badala yake nikamwambia kama nundu imekatwa, basi nyama yake nisikose.

Miezi michache baadaye alianguka akipanda ngazi za ofisi. Kiharusi. Siku ya tatu akafariki.

Nilimfuata daktari wake, nikamuuliza kama ile fulana ingemwokoa. Akasema hajui. Ule ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini ulikuwa mdogo, tiba ilikuwa imesaidia presha kidogo, lakini kama ingezuia kiharusi, hakuna anayeweza kuniapia. Nilitaka aniambie nimeua, au aniambie sijaua. Hakuniambia hili wala lile, nami nimekwama hapo mpaka leo.

Msibani, nyumbani kwa marehemu mtaa wa Nkuhungu, wazee wakaita, "Mtani yuko wapi?" Mila inataka mtani awachekeshe wafiwa, na kukataa ni aibu. Nikasimama, nikatamka neno moja tu: Nundu. Watu wakacheka. Mjane naye akacheka huku machozi yanamtoka. Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya arobaini nikarudi kwa yule mjane, nikamweleza yote, tangu chungwa mpaka ngazi. Nilitegemea anifukuze. Akanishika mkono.

"Shemeji, hata leo unaleta utani?"

Akaingia ndani, akatoka na ile fulana, imefuliwa na kukunjwa, mpira ungali mfukoni. "Chukua. Marehemu alisema uliomba nyama ya nundu, na hii ndiyo haki ya mtani wake."

Wenzangu, utani una mpaka, na mpaka wake ni dawa ya mtu. Mwenzako akikuonyesha tiba yake, funga mdomo, hata kama inachekesha namna gani. Utani hauna kesi, na hilo ndilo linalonitesa. Fulana ninayo sandukuni, na hakuna anayekubali kunihukumu.