Wimbo Ulioimbwa Bila Stima

Usiku ule nililala na hasira. Kompyuta niliiacha wazi mezani, na ndani yake kulikuwa na ujumbe niliouandika nikashindwa kuutuma: "Sawa, wimbo wa saba uondolewe." Ujumbe huo ulikuwa wa kumtumia Mutiso, msambazaji wetu, ambaye alitaka jibu asubuhi ili atoe upya mkusanyiko wa nyimbo zetu bora bila wimbo huo uliokuwa ukiwaudhi watu.

Bendi yetu iliitwa Sanda Nyeusi. Tulipiga roki ya gothiki hapa Nakuru, watu wanne wenye nguo nyeusi na wanja machoni, wanaume kwa wanawake, tukiimba makaburi na mapenzi yaliyooza. Mimi nilipiga gitaa la besi. Kizito aliimba. Ugonjwa wa mapafu ulimwondoa miaka minne iliyopita, na ni mimi niliyekusanya nyimbo zile, nikazisafisha, nikazitoa. Tangu hapo nilikuwa nasoma maoni ya wasikilizaji kila siku, hata chai inapoa, na kila siku nilijiambia leo ndiyo mwisho.

Basi nikalala, na nikajikuta kwenye mahema.

Ni mchana na jua ni kali. Viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, spika mbili ziko mbele, na kutoka jikoni inakuja harufu ya chai ya maziwa. Nilijua papo hapo kwamba haya ni mazishi ya Kizito, ingawa tulishamzika. Lakini jeneza halikuwepo. Palikuwa na meza, na kwenye fremu ambamo huwekwa picha ya marehemu paliwekwa jalada la mkusanyiko wetu, limevishwa shada la maua. Hakuna aliyeshangaa. Hata mimi sikushangaa.

Mwendesha ratiba, mzee wa koti la kijivu, alipuliza maikrofoni mara mbili. "Sasa tutasikia kutoka kwa wasikilizaji," akasema. "Dakika mbili kila mmoja, na tafadhali tusirudie yaliyosemwa."

Wakaanza kuitwa vile vile tunavyoitana kwenye mazishi yetu, wa nyumbani kwanza, kisha wakwe, kisha majirani. Sura zao sikuwahi kuziona, lakini niliwatambua wote, kwa sababu kila mmoja alisema yale yale niliyoyasoma mtandaoni. Mama wa kilemba cheupe alisema tuombewe, maana katika nyimbo zote zile hakuna hata moja ya kushukuru. Watu wakaitikia amina. Kijana wa miwani akasema besi imefunika kila kitu na mpigaji wake arudi akafunzwe. Huyo namkumbuka vizuri. Nilimtukana mtandaoni na sijutii hata kidogo. Kisha akasimama baba mmoja mwenye tai. "Wimbo wa saba uondolewe," akasema. "Huyo mwimbaji analia kama mtu anayekabwa. Watoto wangu waliogopa." Amina hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Nikaona mama mwingine anakuja mbele bila kuitwa, amevaa aproni ya kazi, mikono ina unga. Hakutaka maikrofoni.

"Mimi nilimzika mtoto wangu," anasema. "Kila mtu aliniambia nijikaze. Huu wimbo ndio uliniruhusu kulia. Ninyi mnaotaka uondolewe, mtaniletea nini badala yake?"

Nilitaka kumpigia makofi na mikono ikagoma.

Wa mwisho alikuwa bwana mwembamba, mpole wa sauti. Akageuka akaniangalia mimi, si hadhira. "Nilikuwa ukumbini siku ile huo wimbo uliporekodiwa," akasema. "Ile sehemu ya stima kupotea iko wapi?"

"Muda wako umekwisha," akasema mwendesha ratiba.

Nikatafuta mahali pa kujificha, na kwenye safu ya nyuma kabisa nikamwona Kizito. Amevaa lile koti lake refu jeusi katika joto lote lile, wanja umekolea, anachovya mkate kwenye chai. Nikaketi kando yake. Alinukia karafuu, kwa sababu alikuwa akiitafuna kwa ajili ya koo kila mara kabla ya kuimba, na harufu ile ilinifanya nitake kulia.

"Waache waseme," akaniambia bila kuniangalia. "Hao wamesema lao. Wewe je?"

Nilipofungua mdomo, mahema yakazimika.

Tuko ukumbini. Ni siku ile. Mtunza ukumbi ameamua sisi ni waabudu shetani, na katikati ya wimbo wa saba amezima swichi kuu. Mnaopiga vyombo mnajua kanuni: stima ikipotea, chomoa waya kwanza, maana ikirudi hurudi na nguvu na kuunguza amplifaya. Ile yetu ilikuwa ya kuazima. Kwa hiyo nilipiga magoti gizani, nikachomoa, nikaibeba na gitaa langu, nikatokea mlango wa nyuma, nikasimama nje. Na sikurudi. Niliogopa kwamba watu waliokuwa wakigonga madirisha ya mbele na kutuita mashetani wangevamia ukumbi. Ndani, Kizito aliendelea kuimba bila maikrofoni. Sauti ilikwaruza, ikakosea mara mbili, ikapasuka, na watu wakawa wanampigia mdundo kwa viti. Kamera ya rafiki yetu, iliyokuwa na betri, ilinasa yote.

Miaka ikapita, nikaandaa mkusanyiko, nikaufifisha wimbo sekunde chache kabla ya giza kuingia. Niliwaambia watu sauti ya pale ilikuwa mbovu. Uongo mtupu. Pale wenzetu wawili wanasikika wakimwitikia Kizito, mimi sisikiki popote. Mtu yeyote mwenye masikio angesikia kwamba niliondoka.

Sasa niko tena magotini, mkono uko kwenye waya, na Kizito amechuchumaa kando yangu gizani.

"Siku ya mazishi yangu walisema nilikuwa mpole na nilipenda kanisa," anasema. "Ukaitwa mbele. Ulisema nini?"

"Nilisema ulikuwa mtu wa watu."

"Mimi? Mtu wa watu?" Akacheka kicheko chake kile cha kifuani, hadi kikageuka kikohozi. Kilipotulia akasema polepole, "Mara ya kwanza mlinizika wengi. Safari hii umenizika peke yako."

Nilihisi aibu hadi kwenye meno. Nikajitetea, kama kawaida yangu. Nikamwambia wakisikia sehemu ile watasema nilimkimbia.

"Ulinikimbia," akasema, bila kinyongo. "Na mimi niliimba. Yote mawili yalitokea. Wimbo ukibaki, ubaki mzima."

Nikauachia waya. Nikasimama, na kusimama kwangu kukanirudisha juani, mbele ya mahema, maikrofoni iko mkononi na mwendesha ratiba anatangaza zamu ya mpiga besi. Wote wananitazama, mama wa kilemba, baba wa tai, yule wa miwani. Kiti cha nyuma ni kitupu. Kikombe kimebaki.

"Sikuja kuwaomba radhi," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotarajia. "Wala sikuja kuwauliza mnapenda nini. Nyamazeni, msikilize mpaka mwisho."

Nikaamka na maneno hayo mdomoni, shuka limenizonga miguuni, dirisha lina mwanga. Sikunawa hata uso. Nikaufuta ule ujumbe, nikatafuta rekodi yenyewe kwenye mafaili ya zamani, nikaisikiliza yote kwa mara ya kwanza tangu afe. Nililia pale anapokosea mara ya pili. Kisha nikaituma nzima kwa Mutiso, pamoja na giza lake, nikaandika kwamba hakuna wimbo unaoondolewa.

Hazikupita dakika kumi akapiga simu.

"Nasimiyu, watu watatutukana."

"Watukane."

"Na huku mwisho wote wanasikika isipokuwa mpiga besi. Wakiniuliza alikuwa wapi, niwaambie nini?"

"Waambie alikuwa nje, amekumbatia amplifaya," nikamwambia. "Halafu waambie nani alibaki ndani."