Mjane Aliyeijua Sauti Yangu

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Sijawahi kuisimulia msikitini. Nakusimulia wewe kwa sababu umeacha kuja kusali, na wiki iliyopita uliniona karibu na soko, ukavuka barabara ili tusisalimiane. Sikukasirika. Mimi pia nilivuka barabara nyingi za Kisangani kwa sababu hiyohiyo.

Nilipokuwa kijana niliadhini alfajiri katika msikiti mdogo wa mtaa wetu. Hatukuwa na kipaza sauti. Nilipanda ngazi ya mbao, nikaita kwa koo langu. Aliyenifundisha ni Mzee Radjabu, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka na ngazi ile. Unajua kwamba katika adhana ya alfajiri tunawaambia watu kuwa sala ni bora kuliko usingizi. Basi mimi, niliyewaambia wengine maneno hayo, ndiye niliyelala. Sikugombana na mtu, wala sikuwa na shaka juu ya Mungu. Nililala tu, na Mzee akapanda mwenyewe kwa miguu yake mibovu. Kesho yake niliona haya kumtazama usoni, nikalala tena makusudi. Kosa lilikuwa la asubuhi moja, mwanangu. Haya ndiyo iliyoniweka mbali miaka mitatu.

Nikaingia biashara ya samaki wakavu wa Isangi, mji ulio mtoni chini ya Kisangani. Wenzangu niliwaambia naitwa Simon. Hawakuniuliza zaidi, nami nilikunywa walichokunywa na kula walichokula.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunarudi Kisangani kwa mashua ndefu ya mbao yenye mota. Ndani mlikuwa na mzee mgonjwa, Muislamu, aliyekuwa anapelekwa hospitali na mke wake. Akafariki njiani. Jua lilikuwa kali na safari bado ndefu, kwa hiyo nahodha akakubali tusimame kwenye kijiji cha karibu azikwe hapo. Mke wake alimwosha mwenyewe, akamfunika kwa kitambaa cheupe. Kilichobaki ni mtu wa kusimama mbele na kumsalia. Akaanza kupita kwa abiria, mmoja mmoja.

"Ba papa, iko Muislamu humu? Niko natafuta mutu moja tu, amusalie bwana yangu."

Mwenzangu mmoja akanigusa bega. "Simon, wewe unajuaka mambo yote. Musaidie mama!"

Wakacheka. Nami, ili wasinifikirie vingine, niliinua sahani yangu. "Mama, angalia. Hii iko ngulu. Ulishaona Muislamu anakula nguruwe?"

Wakacheka zaidi. Mpaka leo nakiona kipande kile cha nyama kati ya vidole vyangu. Maiti alikuwa amelala hatua chache kutoka pale.

Mfanyabiashara mmoja wa Kivu, Kasereka, tuliyemwita Tonton, yaani mjomba, Mkatoliki aliyekuwa na rozari shingoni, akasimama. "Bon, muache kucheka. Mama, kama hakuna mutu, mimi nitasimama na wewe. Sijue sala yenu, lakini nitasema Baba Yetu."

Mama alimshukuru. Halafu hakuondoka. Alinigeukia mimi.

"Sema tena," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Sauti hii ninaijua. Iko ya ule kijana wa Mzee Radjabu. Tulikuwa tunakaa karibu ya musikiti yenu. Bwana yangu alikuwa anaamuka nayo kila asubuhi. Wakati uliacha, alikuwa ananiuliza: ule mutoto amegonjwa? Nani anamupelekea chakula?"

Hakuna aliyecheka tena. Ningeweza kukana mara ya pili. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Lakini mtu niliyekuwa nimemkataa ndiye aliyekuwa ananiulizia nilipopotea. Niliweka sahani chini.

"Mama, mimi niko muchafu," nikasema.

"Muto yote hii," akanijibu akionyesha maji, "na unaniambia uko muchafu?"

Niliingia mtoni. Nilioga mwili mzima, nikasukutua kinywa mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Wanaume walichimba kaburi, na Tonton Kasereka akanipa kitambaa chake safi nijifunge. Nikasimama mbele ya maiti. Kwenye takbira ya tatu nilisahau dua. Machozi yalinitoka mbele ya watu waliokuwa wananiita Simon. Dua ikarudi polepole, kipande kwa kipande, nami nikamaliza.

Tulipofika mjini sikupitia nyumbani. Nilimkuta Mzee Radjabu ameketi mlangoni mwa msikiti. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, marefu na mazuri. Aliniangalia kabla sijafungua kinywa.

"Umechelewa," alisema, akionyesha birika la udhu. "Maji iko pale."

Ni hayo tu. Hakunipa nafasi ya kuhutubia kuhusu dhambi zangu.

Mwanangu, haya si kitu kibaya. Inakuonyesha kwamba moyo wako bado unajua pa kurudi. Inakuwa mbaya pale unapoitii, ikikuambia subiri kwanza uwe safi ndipo urudi. Mimi nilisubiri miaka mitatu, na sikuwa msafi zaidi. Kila mwaka nilizidi kuwa Simon. Usingoje mjane akutafute kati ya abiria. Njoo na haya yako hivyohivyo, uingie nayo ndani. Hata mimi bado ninayo yangu. Kila nikimkumbuka mama yule nashindwa kuinua macho.

Mungu, aliyemtumia maiti kuniulizia, akulinde popote unapojificha. Akurahisishie hatua ya kwanza, na akupe watu wasiochoka kuuliza habari zako. Ukifika, usinieleze kitu. Maji iko pale.