Mawaridi ya Nyamuswa

Pelagia wa Mukendo, mtaa wa Musoma, alichagua kazi yake kwa akili nyingi. Miaka ile watu walipopanga foleni ya unga na sukari, yeye alikuwa anaotesha maua. Majirani walimheshimu sana. Kila wakipita kwenye makopo yake ya miche walimwuliza leo anapika ua la rangi gani.

Mbolea ya dukani haikuwepo, kwa hiyo chini ya kila mche alifukia matumbo ya samaki kutoka mwaloni, wavuvi waliposhushia mitumbwi yao. Mawaridi yake yalinenepa kuliko watu wa mtaa mzima.

Kisha ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, sangara wakaanza kupanda ndege kabla ya wavuvi wao kupanda hata basi la Mwanza, na mfanyabiashara wa sangara aitwaye Mseti akajenga nyumba kubwa kijijini kwao Nyamuswa. Sasa maua yakawa maendeleo. Akamwita Pelagia apande mawaridi kuizunguka nyumba kabla ya harusi ya bintiye, akamwahidi kuwa yakipendeza, bustani ya hoteli anayoijenga Musoma ni yake. Bustani kama hiyo Pelagia alikuwa ameiota tangu usichana.

Alipanda vizuri kuliko siku zote, na kwa heshima ya tajiri akazidisha matumbo. Mbwa hakuwawaza. Mbwa wa Mukendo wamekinai samaki. Hawa wa Nyamuswa walikuwa mbwa wa wachunga ng'ombe, waliozeeka bila kunusa hata dagaa. Asubuhi ya harusi walikutwa wamelala mashimoni, wameshiba, na miche imetapakaa uani kama kuni.

“Hawa mbwa walikuwaga na adabu,” Mseti alisema. “Mama, umewapa nini?”

“Mbolea, mzee.”

Gari likatumwa mjini, likarudi na maua ya plastiki kutoka Dubai, yakachomekwa kwenye mashimo yaleyale. Wageni waliyasifu kwa kuvumilia jua. Padri alinusa moja, akasema kweli Mungu ni fundi.

Jioni Pelagia alikuwa ameshafunga vitu vyake Mseti alipomwita.

“Hoteli nilikuahidi. Utanipandia hayahaya. Mbwa hawayataki.”

Pelagia aliyatazama. “Na kumwagilia, mzee?”

Mseti alifikiri, maana ni mtu makini. “Jumamosi tu. Tia na sabuni.”

Akakubali. Bustani ilikuwa kubwa, tena inatazama ziwa, na kila Jumamosi aliipangusa jani kwa jani.