Mkono wa Kushoto wa Kabula

Harufu ya mapanki yakikaangwa, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, ndiyo inayonirudisha Nyakato tukiwa darasa la saba. Ilikaa kwenye sare ya Kabula hata Jumatatu, maana shangazi aliyemchukua kutoka Bujora alikuwa akiyakaanga na kuyauza. Tukamwita Mapanki. Ningependa kusema si mimi niliyeanza, lakini sina hakika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Kabula tuliivuta kila siku.

Shuleni kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Aliyesikika akisema Kisukuma alivishwa shingoni, naye akatafuta wa kumvisha. Kengele ya mwisho ya Ijumaa ikikukuta nacho, unachapwa fimbo za mkononi. Mwalimu wetu hakuwa mnyama, nisimsingizie. Penseli za Kabula alinunua yeye, akasema hajawahi kufundisha kichwa kama kile. Ila hesabu zikimwingia Kabula, midomo yake ilihesabu yenyewe kwa Kisukuma, na hakujua kwamba inasikika.

Ijumaa hiyo kibao kilikuwa shingoni mwangu, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebaki siku kumi na mbili. Kengele inakaribia, nikamwendea kwa upole.

“Mapanki, hebu nisaidie. Kumi na saba mara ishirini na tatu?”

Akafurahi. Nadhani hakuna aliyewahi kumwomba kitu. Akafumba macho, midomo ikaanza: ibili, idatu, ine...

“Mia tatu tisini na moja,” akasema, akafumbua macho na kukuta kibao kifuani pake.

Darasa likacheka, na mimi kwa nguvu kuliko wote. Kengele ikalia, mwalimu akashika fimbo. Ya tatu Kabula aliukunja mkono wa kulia, ikamkuta kwenye vidole. Viwili havikunyooka tena. Shangazi yake alivifunga kitambaa basi, hospitali hakupelekwa. Siku zilizofuata nilimwona nyuma ya vyoo, akiandika tarakimu vumbini kwa msumari, kwa mkono wa kushoto. Sikumwendea. Darasa zima alifaulu yeye peke yake. Mimi nilifeli na mikono yangu yote miwili mizima.

Kabula alisoma mpaka Ulaya. Sasa ni mwanafizikia mwenye jina duniani, wa wale wasio na maabara, wanaokaa na karatasi wakitafuta kwa hesabu jinsi nyota zinavyokufa. Mwaka huu alikuja kuzungumza kwenye chuo kimoja huku Nyegezi, ambako mimi napika kantini. Nikavua aproni, nikasimama mlangoni mwa ukumbi. Alijaza ubao mzima, nisielewe hata mstari mmoja. Nilitazama midomo yake tu. Haikutikisika.

Kijana mmoja akasimama. “Shikamoo, Profesa. Hivi akili zote ziko kwenye huo mkono wa kushoto?”

“Marahaba. Nimezaliwa hivyo tu, mwanangu,” akajibu, na ukumbi ukacheka.

Shule ya mjukuu wangu haina kibao. Watoto wanahesabu kwa lugha waitakayo, na ni vizuri. Wazee husema shoka husahau, gogo halisahau. Sijui kama aliniona pale mlangoni. Ninachojua ni kwamba nilipomsikia akidanganya, nilifurahi. Neno hilo nimelifuta mara mbili, nikaona nimeanza kudanganya na mimi, nikaliandika tena: nilifurahi.