Wifi Yangu, Jicho Lake, na Wapya wa Besiboli

Mwanangu wa kiume alisomeshwa Marekani. Wenziwe walirudi na shahada. Yeye alirudi na shahada na besiboli. Miaka ya tisini, alipofunga dishi juu ya paa la nyumba yetu ya Azaiba, alitafuta stesheni moja moja mpaka akaipata inayoonesha mchezo huo, akakaa chini kwenye zulia kama mtu aliyefika kwao.

Mie nlikuwa nimeshasali, nimeshasoma uradi wangu, nimeshachemsha chai. Kwao usiku, kwetu asubuhi. Nikamkuta anapigia kelele kioo.

"Hawa wanafanya nini?"

"Mama, kaa."

Nikakaa, na ndio nikanasa.

Mchezo wenyewe ni huu. Mmoja anarusha mpira kwa nguvu zake zote, mwengine kasimama na gongo anataka kuupiga. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne arudi alipoanza, na kila anayerudi ni pointi moja. Akikosa mara tatu, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, anatoka na aibu yake. Mengine ni kutema mate na kushikashika kofia. Atakayekwambia ni mgumu anataka kukuringia.

Wakongwe wa mchezo huo siwapendi. Wanatembea kama wenye nyumba, wanapiga vibaya na bado wanatazama watu kwa dharau. Mie napenda wapya. Kila msimu timu yetu ilikuwa ikiingiza vijana wawili watatu ambao hakuna awajuaye. Nasema timu yetu, na mji wao hata sijui uko upande gani wa Marekani. Vijana hao nliwaita maharusi, kwa sababu bi harusi ndivyo alivyo. Kaingia nyumba ya watu, macho yote juu yake, na chai yake ya mwanzo inaonjwa na ukoo mzima. Ikizidi sukari ataambiwa mpaka awe na wajukuu. Kijana mpya naye ndio hivyo hivyo. Anasimama pale katikati, watu elfu ngapi sijui wanamtazama, koo linapanda na kushuka, nami huku Azaiba kikombe kimenipoa mkononi namwambia, "Rusha, mwanangu, rusha, usiwaogope!"

Mwaka nnaousema ni mwanzo mwanzo wa elfu mbili. Timu yetu ilipata maharusi wawili ambao mfano wao sijaupata tena.

Wa kwanza alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto. Mwembamba, masikio yamesimama, shingo ndefu kama bata mzinga. Huyo akiurusha mpira, mpigaji alikuwa anazungusha gongo baada ya mpira kupita, kama mtu anayemfukuza nzi aliyekwisha kwenda zake. Watoto wote nlowalea nliwapiga vidole wasile kwa shoto. Huyu mkono huo ndio uliompa mkate.

Wa pili alikuwa mpigaji, kibonge, mashavu mawili yamejaa, anakimbia kama kabeba ndoo ya maji kichwani na hataki imwagike. Lakini akiugonga! Mlio wake peke yake ulikuwa unanitoa kwenye mkeka. Mpira ulikuwa unapaa mpaka kamera inaupoteza.

Tulikuwa tukitazama watu watatu, mwanangu akishatoka kwenda kazini kwake Wattaya kwenye maduka ya magari. Mie. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mjane kama mie, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Na bi mkwe, ndivyo tulivyomwita, mzaliwa wa Tabora, ambaye mwanawe kamuoa binti wa wifi yangu. Bi mkwe alikuja mara ya mwanzo kuazima mwiko, akabaki misimu mitatu.

Binti huyo wa wifi alikuwa na mimba ya kwanza, kaingia mwezi wa nane. Kwetu mwanamke mtoto wake wa kwanza humzalia kwao, na arubaini yake hukaa kwa mamake, akandwe, apikiwe, alale. Wifi alikuwa kesha tayarisha chumba. Kapaka rangi, kanunua kitanda, katia mapazia, kaweka mafuta ya kukandia na mizizi ya kuchemsha. Kila asubuhi alikuwa hana hadithi nyengine ila chumba hicho.

Basi asubuhi moja yule mkono-shoto anarusha, na anarusha kweli. Wamekuja wapigaji, wamerudi, wamekuja wengine, wamerudi. Nyumba nzima tumesimama. Wifi, andazi liko mdomoni, akasema kwa nguvu:

"Tazameni mkono ule! Kama umetiwa mafuta! Wala hauchoki!"

Mpira uliofuata, kijana akarusha, akashika kiko cha mkono, akapiga magoti. Wakaja wakamchukua, uso umekunjamana kama karatasi.

Bi mkwe akageuka polepole.

"Hujasema mashaallah."

"Nimesema."

"Umesema lini? Sikusikia."

"Nimesema moyoni. Nlikuwa nna andazi mdomoni!"

"Andazi halikukuzuia kumsifu, likuzuie kumtaja Mungu?"

Mwanangu aliporudi saa nane tukamuelezea, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mtoto yule walimrushisha mno, wapya wengi huumia hivyo, na tena kuna satilaiti na bahari nzima hapo kati.

"Sauti yao inatufika," bi mkwe akamwambia. "Picha inatufika. Jicho lishindwe na nini?"

"Mama, picha inakuja huku. Haiendi kule."

"Na mvua inakuja huku haiendi kule, lakini dua zetu za mvua zinakwenda wapi?"

Hilo shahada yake haikumfundisha. Mie nikawaambia wote wawili wanyamaze wale. Jicho baya lipo, hilo silibishi. Lakini kwamba wifi yangu analo, na nimekaa naye tangu nlipoolewa, hilo nlitaka nilione.

Mdomo wa bi mkwe haukulala. Kabla ya magharibi ya siku ile khabari ilikuwa imeshafika mtaa wa Ghala kwa jamaa zake na kurudi. Siku ya tatu ikaja kauli yenyewe ya bi mkwe. Binti atazalia kwa mumewe na arubaini atakaa huko huko. Mamake atakaribishwa kama mgeni, na mtoto atafunikwa uso.

Wifi hakuja tena kutazama. Nikampelekea bakuli la tambi za sukari, bakuli likarudi tupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi tupu hata mkiwa mmegombana, unatia japo limau. Nikavaa buibui nikaenda.

Nlimkuta kwenye kile chumba, kakaa juu ya kitanda kipya, nailoni yake haijatolewa.

"Wifi, mechi ya kuamua kesho asubuhi," nikamwambia. "Anayeshinda anaendelea, anayeshindwa anakwenda nyumbani. Amka."

"Siji. Nimuue na yule kibonge?"

"Usinichekeshe."

"Binti yangu analia kwenye simu. Anasema mama, mimi nataka kwetu. Nimwambie nini? Nimwambie mamako kamuangusha mtoto wa Kimarekani?"

Sikumpa pole. Pole nyingi zinamzidisha mtu kulala. Nikamwambia hivi: timu tunayocheza nayo kesho nayo ina mrushaji mpya, mrefu kama mlingoti wa taa, na msimu mzima hapigiki. Uje kesho, bi mkwe akiwepo, umsifu huyo. Umsifu jasho likutoke. Bila mashaallah. Kama una jicho, ataanguka, nasi tutashinda. Kama huna, tutajua sote.

Akanitazama kama nimemtukana.

"Nimsifu mtoto wa watu bila mashaallah? Na akivunjika?"

"Aha. Kumbe na weye unaamini unalo."

Akashika nailoni ya kitanda akawa anaikunja. Mwisho akasema, "Saa ngapi?"

Nikatoka hapo mpaka kwa bi mkwe, nikamwambia sharti. Mrushaji akiumia au akishindwa, kauli yako imesimama. Akishinda na akimaliza mechi mzima, binti atakuja kwa mamake.

"Dada, na tukishindwa je? Si timu yetu hiyo?"

"Tushindwe," nikasema.

Asubuhi yake hakuna aliyegusa chai. Mwanangu alikuwa kesha kwenda kazini. Wifi kakaa mbele kabisa, kajifunga kanga kiunoni kama anakwenda kutwanga. Bi mkwe pembeni, mikono kaikunja. Mie kati, kama kadhi.

Yule mrefu akapanda mahala pake. Mtoto kabisa, ndevu hazijamkaa sawa. Nikamwambia wifi, "Haya, sifu."

"Ana... ana viatu visafi."

"Ndio kusifu huko?" bi mkwe akasema. "Andazi likitoka mdomoni na maneno yanakauka?"

Hilo likamuingia. Wifi akanyosha mgongo.

"Tazama urefu wake! Tazama mabega! Mama aliyezaa huyu alizaa, hakutema! Mkono kama upinde!"

Kijana akarusha. Mpigaji wetu kakosa. Akarusha, kakosa. Akarusha, katoka.

"Lo!" akasema wifi, na kwa mara ya mwanzo tangu siku ile nikaona meno yake. "Huyo! Mnamuona? Nguvu za ng'ombe! Macho ya mwewe! Hana mfano mji mzima!"

Akaja kibonge wangu, bwana harusi wangu mwenyewe. Akatoka naye. Nikapiga paja. Wifi akapiga makofi.

Sasa moyo wangu ukawa vipande viwili. Kila mpigaji wetu akisimama, upande mmoja unasema piga, mwanangu, na upande wa pili unasema kosa, binti azae kwao. Sijapata kutazama mechi ya namna ile. Na yule mrefu hachoki! Wifi naye hachoki! Kamsifu nywele, kamsifu kofia, kamsifu babu zake asiowajua. Alipokuwa hana la kusifu akasifu anavyotafuna ubani wa chingamu. Bi mkwe kila baada ya muda anasogea karibu na kioo.

"Kashika bega!"

"Anajikuna."

"Anachechemea!"

"Anatembea, bi mkwe. Ndivyo watu warefu wanavyotembea."

Tukafika mwisho. Wao wana mbili, sisi moja. Mwenzetu mmoja yuko kwenye kituo, na wa kumaliza ni nani? Kibonge. Akiupiga nje ya uwanja, wanarudi wote wawili na tumeshinda. Akikosa, kwisha.

Wifi akasimama. Akasema polepole, kila neno peke yake, kama anasoma khutuba:

"Huyu mrushaji ni mzuri. Ni mzuri kuliko wetu wote. Mzima, kamili, hana kasoro."

Nikaziba masikio mpaka amalize, lakini macho sikuyafumba. Kijana akarusha. Kibonge akaugonga, na mlio ule, mlio ule wenyewe! Nikaruka. Mpira ukapaa, ukapaa, kamera ikaupoteza, bi mkwe kanishika mkono, nami nampigia kelele mpira sijui nautaka uende au urudi. Kule mwisho ukutani mtu wao akakimbia akatazama juu, akaruka, akanyosha glavu.

Akaudaka.

Vigelegele alivyopiga wifi yangu, jirani alichungulia dirishani akauliza nani kaolewa.

"Ngojeni!" bi mkwe akasema, bado kakazia macho. Wenziwe yule mrefu walikuwa wamemrukia wote, wamemlaza chini, lundo la watu juu yake. "Sasa ndio wanamvunja! Tazameni, yuko chini!"

Tukangoja. Sote watatu tumeinama mbele ya kioo, wifi kaacha vigelegele, mkono uko kifuani. Lundo likapungua, mmoja mmoja anaondoka. Yule mrefu akatoka chini yao, shati limefunuka, vumbi mpaka kwenye kope, anacheka. Mikono yote miwili juu. Mizima.

Bi mkwe akakaa. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. Ni mwanamke mwenye mdomo, lakini si mwanamke wa kuvunja sharti.

"Mkwe," akamwambia wifi, "chumba kina kiyoyozi?"

"Kina."

"Usiku usikiweke baridi sana. Mtoto wa kwanza anataka joto." Kisha akasema, bila ya kumtazama, "Nitamleta leo laasiri. Miguu imeanza kumvimba, bora atulie kwa mamake."

Wifi alikuwa anakwenda mlangoni, kiatu mguu mmoja, anasema hajafua shuka, hajatoa nailoni kitandani, samaki bado hajanunuliwa.

Simu ikalia. Mwanangu, kutoka kazini.

"Mama, niambie. Tumeshinda?"

Nikaitazama ile picha ya mwisho, kibonge wangu kaketi peke yake kwenye benchi, taulo kichwani. Nikataka kumwambia ukweli. Lakini wifi kesha rudi mbio kutoka mlangoni, kaninyang'anya mkono wa simu.

"Tumeshinda!" akapiga kelele. "Tumeshinda, mwanangu! Ukirudi pitia sokoni, uniletee changu wawili wakubwa, nnaye mzazi nyumbani!"